Harakiri na sepuku: jibu kwa mfasiri wa Tanga

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri kitabu cha Kiingereza kuhusu historia ya Japani, kwa ajili ya vijana wa sekondari. Neno moja limenikwamisha. Katika sura ya samurai, tabaka la wapiganaji wa zamani wa Japani, mwandishi anasema bwana Asano alifanya "harakiri" mwaka 1701. Kurasa mbili mbele, kwa tukio lile lile, anaandika "seppuku". Kisha ananukuu Mwingereza wa mwaka 1868, naye anasema harakiri. Sura ya mwisho kuna waziri wa siku hizi aliyefanya "harakiri ya kisiasa" kwa kupiga kura dhidi ya muswada wake mwenyewe. Mhariri wangu anataka kote niandike "kujiua kwa heshima", yaishe. Rafiki yangu aliyesoma Japani ananionya kwamba harakiri ni neno la kihuni, Mjapani akilisikia anakereka. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole na kazi. Nianze na jibu fupi, maana najua mfasiri huwa anasubiriwa: mhariri wako amekosea, na rafiki yako amepatia nusu. Harakiri na seppuku ni jambo moja lenye maneno mawili, yaani kufa kwa kukata tumbo, na "kujiua kwa heshima" haliwezi kuyabeba yote. Kuna mahali ambapo litawapotosha wanafunzi wako kabisa. Kuanzia hapa nitaandika "sepuku" kwa p moja; sababu nitaitoa mbele.

Nilipoanza kujifunza Kijapani, mwalimu wangu, mama mmoja mtu mzima wa Osaka, alinijibu swali kama lako nyuma ya risiti ya duka la mboga. Aliandika alama mbili tu. Ya kwanza, upande wa kushoto ina alama ambayo ikisimama peke yake husomwa "saba", na kulia ina upanga. Hiyo ndiyo "kata". Ya pili, kushoto ina kialama kinachofanana na mwezi, ila kikikaa mahali pale kinamaanisha nyama ya mwili. Hiyo ndiyo "tumbo". Akaisoma: seppuku. Chini yake akaandika alama zile zile kwa kuzigeuza, tumbo mbele na kata nyuma, akaongeza kiherufi cha "ri" mwishoni. Akaisoma: harakiri. Akaweka kalamu chini, akanisukumia risiti. Ninayo hadi leo, wino wa dukani umefutika, wake umebaki.

Wajapani walipopokea maandishi kutoka China walipokea na matamshi yake. Ndiyo maana alama moja huwa na usomaji wa kienyeji na usomaji uliotokana na Kichina. Tumbo kienyeji ni hara, kwa usomaji wa pili ni fuku. Kukata kienyeji ni kiru, ambayo ikigeuzwa kuwa jina inakuwa kiri. Kwa usomaji wa pili ni setsu. Setsu na fuku zikigusana zinabadilishana sauti, inatoka seppuku. Hata kule kugeuzwa kwa alama kuna sababu yake: Kichina hutanguliza kitendo, kata-tumbo, na Kijapani hutanguliza kinachotendwa, tumbo-kata.

Sisi tunaotumia Kiswahili hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Mbuzi amekufa, lakini babu amefariki. Ukimwendea mfiwa ukamwambia "nasikia mzee wako kafa", hujasema uongo, ila watu wataulizana ulilelewa wapi. Kufa ni neno letu la asili, kufariki tumelipata kwa Waarabu, na katika kuishi pamoja kila moja limechukua kiti chake. Sepuku lilichukua kiti cha hukumu, cha kumbukumbu za serikali, cha mwanahistoria. Harakiri likabaki mdomoni. Hapo ndipo rafiki yako amepatia. Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyefundisha Tokyo, aliwaeleza wasomaji wake tangu mwaka 1890 kwamba Wajapani wenyewe wanapendelea sepuku, kwa kuwa lina asili ya Kichina na wanaliona la kiungwana zaidi.

Ila la mdomoni si lazima liwe la kihuni. Masimulizi ya kale ya vita vya samurai yamejaa watu "wanaokata tumbo" kwa Kijapani cha kienyeji, na hakuna aliyeona aibu kuyasoma. Leo mfanyakazi wa Tokyo aliyetoa hela yake mfukoni kulipia gharama za ofisi husema "nimekata tumbo langu". Bosi aliyeshinikizwa mpaka akajiuzulu husemwa kwamba "amekatishwa tumbo". Hawa hawatukani mtu. Kinachomkera Mjapani, kwa nilivyowaona, ni mgeni anayelitamka neno lile huku akicheka na kujifanya anajichoma na kisu cha mezani. Hapo angekereka hata kama mgeni huyo angesema sepuku.

Kwa nini tumbo? Wanafunzi wako watauliza, na mwandishi wa kitabu chako pengine hakuwaeleza. Katika Kijapani hara ndiko nia ya mtu ilikokaa. Mwenye hila ana tumbo jeusi. Mkarimu ana tumbo nene. Anayezungumza bila kuficha kitu anapasua tumbo na kusema. Aliyekasirika, tumbo lake limesimama. Aliyekwisha kuamua, tumbo lake limeamua. Kwetu kazi hizo tumezigawa kwa viungo mbalimbali: siri tumeipa kifua, ukarimu na ukatili tumeipa roho, wasiwasi ndio tumeuacha tumboni, nasi husema mtu yuko tumbo joto. Lakini angalia tunavyosema mtu anapoumizwa ndani kabisa: maneno yale yamemkata maini. Mswahili anayejua maana ya kukatwa maini yuko karibu na jambo hili kuliko Mwingereza, ambaye moyo na kichwa vimemchukulia kila kitu. Ningekuwa wewe, ningetia sentensi mbili za namna hii kwenye maelezo ya mfasiri. Zitamfikisha mwanafunzi mbali kuliko picha ya upanga.

Sasa tuone Kiingereza kililipata wapi. Meli za Kamanda Perry wa Marekani ziliingia ghuba ya Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, mwaka 1853, mkataba ukatiwa saini 1854, na baada ya hapo bandari zikaanza kufunguliwa kwa wageni moja baada ya nyingine. Wageni wale hawakujifunza Kijapani kwenye nyaraka. Walikisikia gatini, dukani, kwa wapagazi na wakalimani, yaani walikisikia mahali ambapo watu huongea kienyeji. Kwa hiyo walichukua harakiri na wakalikosa sepuku, kama vile mgeni anayejifunza Kiswahili stendi ya mabasi atakavyojua "kufa" miezi mingi kabla ya kujua "kufariki". Na walilichukua kwa sikio la Kiingereza, lugha isiyozoea silabi nne zinazoishia kila moja kwa irabu wazi. Ndiyo maana utalikuta limeandikwa "hari-kari", na hata limepotoshwa likafanana na jina la Kiingereza la mwanamume, Harry Carry. Wewe na mimi tunalitamka sawasawa bila kujitahidi: ha-ra-ki-ri, kama tunavyosema "barakoa" au "karakana".

Mwingereza unayemnukuu wa mwaka 1868 nadhani namjua, maana kwa mwaka ule aliyesomwa kuliko wote ni mmoja: Algernon Mitford, katibu katika ubalozi wa Uingereza. Nakuomba usipite haraka hapa, kwa sababu maandishi yake ndiyo yaliyolifanya neno hili likae katika Kiingereza.

Bandari ya Kobe ilikuwa imefunguliwa kwa wageni tarehe 1 Januari mwaka ule. Mwezi mmoja baadaye, Februari, kikosi cha askari wa himaya ya Bizen, yaani eneo la bwana mmoja wa samurai, kilikuwa kikipita mjini, pakazuka ugomvi na wageni waliokatiza msafara, na askari wakafyatua risasi kuelekea makazi ya wageni. Walioumia walikuwa wachache. Lakini serikali mpya ya Mfalme Meiji ndiyo kwanza ilikuwa imeshika madaraka, ikihitaji kutambuliwa na mataifa, na mataifa yakadai aliyetoa amri aadhibiwe. Ofisa huyo aliitwa Taki Zenzaburo. Alikuwa na miaka 32.

Hukumu ilitekelezwa usiku, mwanzoni mwa Machi, katika hekalu la Seifukuji, na mashahidi saba wa kigeni walialikwa. Mitford alikuwa mmoja wao. Anaeleza ukumbi mkubwa wenye nguzo za mbao nyeusi, mishumaa mirefu, mikeka myeupe, na zulia jekundu mbele ya madhabahu. Mashahidi wa Kijapani saba upande mmoja, wageni saba upande wa pili. Taki akaingia amevaa mavazi rasmi ya sherehe, akainamia upande wa Wajapani, kisha upande wa wageni kwa heshima ile ile. Akasema kwamba ni yeye peke yake aliyetoa amri isiyo halali ya kuwapiga risasi wageni, na mara ya pili walipokuwa wakikimbia. Kwamba kwa kosa hilo anakata tumbo lake. Na kwamba anawaomba waliohudhuria wamfanyie heshima ya kushuhudia. Aliyesimama nyuma yake na upanga, kumpunguzia mateso, alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Yaliyofuata siyarudii. Mitford ameyaandika yote, na vitabu vingi vimeyanakili kupita kiasi. Ninalotaka ulione ni la mwisho: ukumbi ukiwa kimya, wawakilishi wawili wa Mfalme waliinuka, wakavuka mpaka walipokaa wageni, wakawaomba washuhudie kwamba hukumu ya kifo juu ya Taki Zenzaburo imetekelezwa.

Hukumu ya kifo. Soma tena maneno hayo, halafu uyaweke kando ya "kujiua kwa heshima" ya mhariri wako.

Mitford alichapisha simulizi hiyo katika kitabu cha mwaka 1871 akiliita tendo hilo harakiri, na kwa miaka mingi baadaye kila Mwingereza aliyetaka kujua neno hilo alifikishwa kwenye ukumbi ule. Mwezi ule ule wa Machi 1868 kulikuwa na tukio la pili, kule Sakai karibu na Osaka. Askari wa himaya ya Tosa waliwaua mabaharia 11 wa Ufaransa. Wakahukumiwa watu 20. Walipokufa 11, nahodha wa Kifaransa Dupetit-Thouars aliomba isimamishwe, na tisa waliobaki wakaokoka. Wafaransa nao wakaingia nyumbani na neno lile lile la mdomoni, nao walilizoea mpaka mwaka 1960 likawa jina la jarida la vichekesho mjini Paris. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu aliyelipata kupitia Kifaransa, na wa Tanga aliyelipata kupitia Kiingereza, wote wamekunywa maji ya mtungi mmoja, maji yaliyotekwa gatini.

Nije sasa kwenye "kujiua", ambako ndiko kwenye kosa lenyewe.

Desturi hii haikuanza kama adhabu. Mmoja wa watu wa kwanza mashuhuri kukumbukwa kwayo ni Minamoto no Yorimasa, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyeshindwa vitani mwaka 1180 akamaliza maisha yake ndani ya hekalu la Byodoin kule Uji badala ya kushikwa. Hapo, naam, andika "alijiua". Wako wengine waliojiua ili kumfuata bwana aliyefariki, jambo ambalo serikali ya ukoo wa Tokugawa ililipiga marufuku mwaka 1663. Wako waliojiua ili kumwonya bwana aliyepotoka. Maarufu ni Hirate Masahide, mlezi wa kijana Oda Nobunaga, mwaka 1553. Hao wote walishika kisu kwa uamuzi wao.

Lakini katika kipindi cha Edo, yaani kuanzia 1603 hadi 1868, nchi ilikuwa na amani na samurai wengi walikuwa maofisa wenye panga zisizotumika. Sepuku ikageuka kuwa sehemu ya sheria. Samurai aliyekosa hakukatwa kichwa sokoni kama mwizi, alihukumiwa sepuku. Kukawa na wakaguzi, mashahidi, mavazi, utaratibu wa mikeka, na msaidizi mwenye upanga. Ilifika mahali ambapo mara nyingi kisu hakikuguswa kabisa: mhukumiwa aliwekewa upepeo juu ya kisahani, akinyoosha mkono kuuchukua, upanga wa msaidizi unashuka. Mtu aliyekufa akinyoosha mkono kuchukua upepeo, nasi tukaandika "alijiua"? Mwanafunzi ataelewa nini?

Asano wako ni wa kundi hili. Tarehe 21 Aprili 1701, ndani ya ngome ya Edo, Asano Naganori, bwana wa Ako, alimkata kwa upanga mfupi Kira Yoshinaka, ofisa wa itifaki. Kuchomoa silaha ndani ya ngome lilikuwa kosa kubwa, na siku ile shoguni Tsunayoshi, mtawala wa kijeshi wa nchi, alikuwa akiwapokea wajumbe wa Mfalme. Kabla jua halijazama Asano alikuwa amehukumiwa sepuku na kufa, katika nyumba ya bwana Tamura, akiwa na miaka 33. Wala hakupewa ukumbi. Aliandaliwa mahali uwanjani, bustanini, na mkaguzi mmoja aliyeitwa Tamon Denpachiro alipinga, akisema bwana mwenye ngome yake hastahili kufia nje. Hakusikilizwa. Sasa unaona heshima ilivyopimwa: ndani au nje, juu ya mkeka gani, mbele ya nani. Na hata hiyo heshima haikuiokoa nyumba yake. Himaya ya Ako ilichukuliwa, na mamia ya watumishi wake wakawa ronini, samurai wasio na bwana.

Yaliyofuata unayo kitabuni. Januari 1703, 47 kati yao, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walivamia nyumba ya Kira wakamuua, wakapeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji. Serikali ikapata kazi kubwa. Walikuwa wauaji kwa sheria, na mashujaa kwa kila mtu aliyewaona wakipita barabarani. Mwanazuoni Ogyu Sorai alitoa hoja ambayo mimi huwasomesha wanafunzi wangu mwaka hadi mwaka: wamevunja sheria, kwa hiyo lazima wafe, wametenda kwa ajili ya bwana wao, kwa hiyo wasife kama wahalifu. Wakahukumiwa sepuku. Machi 1703 walikufa 46, katika nyumba nne za mabwana walikokuwa wameshikiliwa: 17, 10, 10 na 9. Mmoja, Terasaka Kichiemon, aliachwa hai. Makaburi yao yako Tokyo, na nimesimama pale. Mawe ni madogo, yamepangwa kwa safu kama watu kwenye mkutano, na moshi wa ubani haukatiki kwa sababu kila anayekuja anaweka udi mbele ya kila jiwe. Nje ya uzio kuna kisima kidogo walikooshea kichwa cha Kira. Kizee mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimsomea mjukuu wake umri wa kila mmoja. Mdogo kuliko wote, mwana wa Oishi, alikuwa kijana wa sekondari, umri wa wanafunzi wako.

Kwa hiyo neno la Sorai, na la serikali, na la makaburi yale, ni sepuku kwa maana ya hukumu. Ukiandika "walijiua kwa heshima" umeifuta serikali kwenye hadithi. Kijana atadhani watu 46 walikaa wakakubaliana wenyewe. Ilhali jambo zima, lililowafanya Wajapani walizungumzie kwa zaidi ya miaka 300, ni kwamba waliamriwa, na namna ya kuamriwa ndiyo iliyobishaniwa.

Na hilo "kwa heshima" lina shida yake ya Kiswahili. Kwetu "kwa heshima" ni namna ya kutenda: kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha. Msomaji atalisikia hivyo kwanza, kwamba mtu amejiua kwa adabu. Pili, linasifu. Halielezi heshima ilikuwa ya nani wala ilipimwaje, linatoa tu nishani. Sifa hii imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwa Nitobe Inazo, Mjapani msomi aliyeishi Marekani na kuoa Mmarekani, aliyechapisha kwa Kiingereza, mwaka 1900, kitabu cha kuwaeleza watu wa Magharibi maadili ya samurai. Ndimo alimoeleza tumbo kama makao ya roho: anayelifungua anasema, njooni mtazame wenyewe kama ni safi au ni chafu. Ni maelezo mazuri na namheshimu sana Nitobe, sura yake ilikaa kwenye noti ya yeni 5,000. Ila alikuwa anaandika miaka 27 baada ya sepuku kufutwa kwenye sheria, mwaka 1873, kwa wasomaji aliotaka waione nchi yake kwa jicho jema. Hakuwa ametumwa kuwaeleza habari za Asano aliyefia bustanini.

Tafadhali epuka pia "kujichinja". Nilipokuwa kijana nililitumia katika tafsiri yangu ya kwanza, na mzee mmoja wa Pangani aliyesoma muswada aliniita barazani akaniuliza, "Mwanangu, huyu alikuwa mbuzi?" Kuchinja kwetu kuna koo, kuna kisu, kuna kibla, na ni kwa ajili ya kuliwa. Niliona haya, nikalifuta kote.

Jingine ninalolisema kwa uzito: usimwite mtu wa leo kwa neno hili. Baada ya 1873 wako wachache waliolirudia kwa makusudi. Jenerali Nogi alijiua, pamoja na mkewe, siku ya mazishi ya Mfalme Meiji mwaka 1912, na mwandishi Mishima mwaka 1970, na Wajapani wenyewe walistuka mara zote mbili. Lakini Mjapani wa sasa aliyezidiwa na madeni au na kazi akajitoa uhai hakufanya harakiri wala sepuku. Ni mtu aliyekuwa kwenye dhiki, ana familia inayolia, na alistahili kusaidiwa. Nimesikia watangazaji wetu wakimpachika neno hilo kwa kuwa tu alikuwa Mjapani. Kitabu chako kikiligusa jambo hilo, andika kwa upole na uwazi, bila upanga.

Tumalizie kazi ya meza. Tahajia: harakiri neno moja, bila kistari. Seppuku liandike sepuku. Kiswahili kikipokea konsonanti iliyorudufiwa huipunguza: sitta ya Kiarabu tumeifanya sita, hattā ni hata, dukkān ni duka. Sioni sababu ya kumpa Mjapani p mbili wakati Mwarabu tulimnyima. Kwenye maelezo ya mfasiri unaweza kuongeza kwamba Wajapani huifunga midomo kidogo kabla ya kuiachia ile p. Ngeli ni ya I-ZI: sepuku ilifutwa, harakiri hiyo. Samurai na ronini, kwa kuwa ni watu, wafuate upatanisho wa watu: samurai wawili walifika.

Mara ya kwanza neno linapotokea, lieleze ndani ya sentensi kisha uliache lisimame lenyewe. Asano ningemwandika hivi: "Jioni ile ile Asano alihukumiwa sepuku, yaani kufa kwa desturi ya samurai ya kukata tumbo mbele ya mashahidi." Kurasa mbili mbele inatosha "sepuku ya Asano", hata kama mwandishi wako pale kwanza aliandika harakiri, kwa sababu yeye anabadilisha neno ili asirudie, si kwa ajili ya maana. Kwa Yorimasa, "alijiua kwa sepuku". Nukuu ya Mwingereza iache na harakiri yake, bila kuisahihisha, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolijua na mwanafunzi ana haki ya kusikia sauti ya mgeni wa mwaka ule. Weka maelezo chini ya ukurasa.

Na waziri wa sura ya mwisho hana haja na Kijapani chochote. Mwandishi wa Kiingereza hakumfikiria samurai alipoliandika. Kwake neno hilo limekwisha kuwa msemo wa magazeti wa mtu aliyejiharibia mwenyewe, na misemo ya hivyo tunayo tele. Kama alisema hovyo akaponzwa na ulimi wake, amejichongea. Kama alianzisha ugomvi uliomrudia, amejipalia makaa. Wako, kwa maelezo uliyonipa, alipiga kura dhidi ya muswada wake mwenyewe bungeni wiki moja kabla ya uchaguzi. Huyo mwandike: "Kwa kura ile, waziri alijichimbia kaburi la kisiasa kwa mikono yake."